Hoho za Mpemba: madoa mawili yaliyodhaniwa kuwa ugonjwa mmoja

Mvua zilikuwa zimekolea Tunduma pale mama mmoja wa kata ya Mpemba alipoamua kung'oa hoho zake. Hakuwa na shamba. Alikuwa na tuta moja refu nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa bati, na viroba vya udongo na samadi alivyovipanga kibarazani. Hoho hizo zilikuwa mboga ya watoto, na zikizidi alimuuzia mama lishe anayewapikia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kufikia siku ya kung'oa alikuwa ameshanunua dawa za aina tatu, na hakuna hata moja iliyolingana na tatizo lililokuwa mbele yake.

Jina lake nitaliacha. Kisa chake nakieleza kwa sababu mkoa wetu wa Songwe umejaa bustani kama yake, Vwawa, Mlowo hadi Ileje, na kwa sababu sioni ni wapi katika safari yake mimi ningekuwa mwerevu zaidi. Madoa yakitokea kwenye mboga uliyoitunza kwa mikono yako, miguu inakimbilia dukani kabla macho hayajamaliza kutazama.

Ishara ya kwanza ilijitokeza kitaluni. Mbegu za tuta hakuzinunua; alizikamua kutoka kwenye hoho moja nene, ya kupendeza, aliyoipata sokoni. Miche ilipofikisha majani manne hivi, baadhi yake ilikuwa na vitone vidogo vyeusi vilivyoonekana vimelowa hata mchana, jua likiwa limewaka. Aliviona. Akasema ni tope lililorukia majani wakati wa kumwagilia. Akaihamishia miche tutani, na iliyobaki akampa jirani, kwa wema wa kawaida wa watu wa mtaa mmoja. Kwenye viroba hakuweka miche hiyo. Hoho za kibarazani alikuwa amezinunua mapema zaidi, zikiwa miche, kwa kijana anayeuza kando ya barabara kuu.

Ishara ya pili ilikuwa majani ya chini. Mvua iliposhika, majani hayo ya hoho za tutani yakawa na madoa ya kahawia yasiyo na umbo maalumu, mengine yamezungukwa na umanjano, kisha yakaanza kudondoka. Mama aliingiwa na wasiwasi, lakini wasiwasi ulimfanya atazame jani mojamoja asilitazame tuta zima. Laiti angerudi nyuma hatua chache, angeona kwamba miche iliyo chini kabisa ya ukingo wa bati, pale matone ya paa yanapopiga udongo na kurusha tope, ndiyo iliyoumia zaidi. Ile ya mwisho wa tuta, iliyokuwa mbali na matone, ilikuwa na majani yake karibu yote. Ugonjwa ulikuwa unafuata maji yanayoruka. Hilo lilikuwa wazi mno, na lilionekana kila siku aliyopita pale na ndoo yake.

Ishara ya tatu ilikuwa kwenye matunda, na hapa ndipo kosa kubwa lilipozaliwa. Hoho za tutani zilitoa vipele vya kahawia, vikavu, vilivyoinuka, vinavyokwaruza ukivipapasa, vimetawanyika popote kwenye tunda. Wakati huohuo hoho za kibarazani zilianza kuwa na doa moja kubwa jeusi, lililobonyea, na siku zote likiwa kwenye kitako cha tunda, upande ulio mbali na kikonyo. Majani ya hoho hizi yalikuwa safi, ya kijani, bila kitone. Lakini mama aliona weusi huku na weusi kule, akajumlisha kwamba ugonjwa umetoka tutani ukapanda kibarazani.

Akachukua tunda moja, la kibarazani, akaenda nalo kwenye duka la pembejeo. Jani hakubeba. Muuzaji alionyeshwa tunda lililooza kitako, akasema ni ukungu, akatoa dawa ya unga ambayo wengi huiomba msimu wa mvua. Simlaumu sana. Aliletewa nusu ya habari, tena nusu isiyohusiana na tuta lililokuwa linaangamia. Mama akapuliza tuta, akapuliza na viroba. Majani yakaendelea kudondoka. Akarudi akauziwa ya pili, yenye nguvu zaidi, ya ukungu vilevile. Majani yakadondoka. Mtu mwingine akamwambia huenda ni wadudu, akanunua ya tatu, akaichanganya na ya pili kwenye bomba moja.

Hapa naomba tukae kidogo. Dawa ikipulizwa ipasavyo, kwa kipimo cha lebo, na bado madoa mapya yanazidi kuchipuka kwenye majani machanga, hiyo nayo ni ishara. Wengi wetu tunaisoma vibaya. Tunadhani dawa ni hafifu au imechakachuliwa, tunatafuta kali zaidi, tunaongeza kipimo, tunachanganya. Mara chache tunajiuliza kama kinachosumbua ni kitu ambacho dawa hiyo haikutengenezwa kukigusa. Mama huyu alipewa jibu hilo na hoho zenyewe, tena zaidi ya mara moja, naye kila mara akalijibu kwa kununua.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Ngowi na wenzake kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania. Karibu theluthi moja ya wakulima hao walikuwa wakichanganya viuatilifu, na asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupuliza. Hao ni watu wa shamba waliozoea bomba. Sisi wa bustani ya nyuma ya nyumba tunapuliza hatua chache kutoka jikoni, na jioni ileile mtoto anatumwa kuchuma hoho mbili za kachumbari. Kila lebo ya dawa huonyesha idadi ya siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Mama alipoulizwa baadaye kuhusu siku hizo alinyamaza, kwa sababu dawa ya tatu alipimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na chupa hiyo haikuwa na lebo yoyote. Nawasihi wenzangu, dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji au ya soda msiipokee, hata kwa bei ya kutupa. Hujui ni nini, hujui kipimo, na mtoto mwenye kiu hajui pia.

Siku ya kung'oa ndipo afisa ugani wa kata alipopita, binti kijana, akiwa njiani kwenda kwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umenikuta nimeshakata tamaa, nang'oa."

"Pole mama. Usimalizie kwanza. Naomba ungo."

Dawa hakuuliza. Alichuma matunda yenye madoa kutoka kila upande, akayaweka kwenye ungo mafungu mawili, ya tutani na ya kibarazani, kisha akaweka juu ya kila fungu jani la mche uleule. Akamwomba mama aseme mwenyewe anachoona. Mama alitazama kwa muda, akasema: "Hivi si kitu kimoja." Maarifa yaliyohitajika ili kutamka maneno hayo alikuwa nayo tangu mwanzo. Alichokosa ni kuyaweka pamoja na kuyalinganisha kabla ya kwenda dukani.

Ya tutani yalikuwa madoa ya bakteria. Ugonjwa huu si mgeni Afrika. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea Ethel Doidge, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu Afrika Kusini, alimweleza bakteria anayehusika kutoka kwenye nyanya za huko mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hapa kwetu, mwaka 2012, Mbega na wenzake walichapisha kwamba kwenye nyanya za Tanzania zenye dalili hizi walikuta aina tano za bakteria wa kundi la Xanthomonas. Nyanya na hoho ni za ukoo mmoja, na huambukizwa na baadhi ya bakteria walewale. Mara nyingi bakteria hawa husafiri ndani ya mbegu au juu ya ganda lake, na hiyo hoho nzuri ya sokoni inaweza kuwabeba bila kuonyesha alama ya kukutia shaka. Mche ukiota nao, tone la mvua linalopiga jani huwarusha kwenda jani la pili, na mikono yetu nayo huwahamisha tunapopalilia au kuchuma majani yakiwa yamelowa.

Dawa za ukungu alizonunua mama hutengenezwa kwa ajili ya kuvu. Bakteria ni kiumbe kingine kabisa, na angeweza kupuliza hadi masika yaishe bila kumpunguza. Wenye kahawa Mbozi wanajua dawa za shaba, zile za mrututu zinazopulizwa dhidi ya kutu ya majani na chulebuni. Hizo husaidia pia dhidi ya bakteria wa hoho, lakini kwa kulinda jani ambalo bado ni zima. Doa lililokwisha kuingia haliponi, na kuna bakteria waliokwisha kuizoea shaba. Kwa hiyo hata dawa sahihi ingefaa pale vitone vya kitaluni vilipoonekana, pamoja na kung'oa miche ile michache yenye vitone na kuichoma. Baada ya nusu ya majani kudondoka, hakukuwa na kitu cha chupa cha kuokoa tuta lile.

Ya kibarazani hayakuwa ugonjwa wa kuambukiza hata kidogo. Kilikuwa kitako kuoza, tatizo linalotokea tunda likikosa kalsiamu ya kutosha wakati linapojengeka. Udongo unaweza kuwa na kalsiamu tele na tunda likakosa, kwa sababu kalsiamu hupanda pamoja na maji, na maji yakikatika na kurudi kwa vipindi, ncha ya tunda ndiyo inayokosa kwanza. Sasa fikiria viroba vile. Viko chini ya paa, mvua haivifikii. Kiangazi mama alivimwagilia kwa bidii. Mvua zilipoanza, akaacha, kama ambavyo karibu kila mtu huacha, kwa sababu nje kumelowa na akili inasema bustani imekunywa. Kibarazani udongo ulikuwa vumbi. Akikumbuka, alimimina ndoo nzima kwa mkupuo. Juu ya hayo aliongeza urea ili hoho zinenepe, na mbolea ya namna hiyo ikizidi huchochea majani na kuzidisha uhaba wa kalsiamu kwenye tunda. Hakuna dawa ya kupuliza inayotibu kiu.

Kulikuwa na doa la tatu ambalo hakuna aliyelitaja mpaka afisa ugani alipoligeuza mkononi. Baadhi ya hoho za tutani zilikuwa na baka jeupe, kavu kama karatasi, ubavuni. Lile lilikuwa jua. Majani yanapodondoka kwa ugonjwa, tunda lililozoea kivuli hubaki wazi likaungua upande mmoja, kisha ukungu mweusi huota juu ya ngozi iliyokufa. Ukimletea muuzaji tunda hilo peke yake, atasema ukungu, na kwa macho yake atakuwa sahihi, ukungu upo. Ila umekuja wa mwisho, baada ya jua, na jua limekuja baada ya bakteria. Naliona hili kuwa jambo gumu kuliko yote katika kutambua madoa: kinachoonekana zaidi siku unayoshtuka mara nyingi ndicho kilichofika mwisho. Ndiyo maana swali la lini na wapi yalianza lina uzito kuliko swali la yanafananaje leo.

Yapo mengine yanayotupotosha. Chule hutengeneza doa la mviringo lililobonyea, lenye duara ndani ya duara, na kwenye unyevu hutoka utepe wa rangi ya waridi au chungwa. Hupenda zaidi tunda linaloiva. Ubwiri unga kwenye hoho huanza kama umanjano juu ya jani, na ni lazima uligeuze jani ili uuone unga mweupe chini, jambo ambalo wengi hatulifanyi. Kuna doa la jani lenye kitovu cheupe na ukingo mweusi. Hilo ni la kuvu, na dawa za ukungu hulifaa. Ukiwa na nyanya kando ya hoho, kumbuka pia kantangaze, yule mdudu aliyetambuliwa nchini mwaka 2014 wilayani Arumeru. Alama yake kwenye jani ukiitazama kwa haraka ni baka kavu tu. Inua jani juani, utamwona kiwavi au njia yake kati ya ngozi mbili za jani.

Na kwa sisi wa nyanda za juu, Juni na Julai baridi ya usiku inapouma, hoho za kijani zinaweza kupata mabaka ya zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Ngozi inabaki laini, haibonyei, haina kipele, na tunda likiiva wekundu mabaka hufifia. Ni rangi tu inayoletwa na baridi. Inasikitisha kufikiria ni hoho ngapi nzima zimepuliziwa dawa kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapoona doa, usiguse pochi kwanza. Zunguka bustani yote. Angalia ni mimea ipi imeumia na imekaa wapi: chini ya matone ya paa, kwenye jua kali, mahali pakavu, au imetawanyika ovyo. Geuza jani. Papasa doa kwa kidole ujue limeinuka au limebonyea. Tazama kama liko kitakoni peke yake au popote. Tazama kama majani na matunda vyote vimeugua au kimoja tu. Halafu jiulize ulifanya nini katika wiki zilizotangulia kuhusu maji, mbolea na mahali ulipoitoa mbegu. Haya hayahitaji shule. Yanahitaji robo saa ya utulivu, na utulivu ndio unaotuponyoka tunapoona mboga inakufa.

Ukishindwa kutambua, na kushindwa si aibu kwa sababu hata wataalamu huhitaji maabara kutofautisha baadhi ya magonjwa haya, mtafute afisa ugani wa kata yako kabla ya muuza dawa. Kutoka huko swali linaweza kupelekwa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, au kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Beba majani yenye madoa ya umri tofauti, machanga na makavu, pamoja na tunda, na ikiwezekana mche mzima wenye mizizi. Yafunge kwenye gazeti. Ukiyatia kwenye mfuko wa plastiki yataoza njiani, na mtaalamu atakutana na uozo wa safari badala ya ugonjwa wa bustani.

Mama wa Mpemba aling'oa hoho za tutani zote, akazichoma pamoja na majani yaliyodondoka, kwa sababu bakteria hujificha kwenye mabaki. Pale ameotesha maharage, na kwa misimu kadhaa hatarudisha hoho wala nyanya. Mbegu ya safari ijayo atainunua kwenye pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Aliambiwa pia kuhusu kuloweka mbegu kwenye maji ya moto ya nyuzi 52 kwa dakika 30, lakini bila kipimajoto akashauriwa asijaribu, kwani nyuzi zikizidi mbegu hufa na zikipungua bakteria hubaki. Viroba hakuving'oa. Alitandaza nyasi kavu juu ya udongo, akaacha urea, akaanza kumwagilia kidogo kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Matunda yaliyokuwa yameshaharibika kitako hayakupona. Aliyakata upande mbovu akapika uliobaki, na hakukuwa na ubaya. Yaliyofuata yalitoka na vitako safi.

Jirani aliyepewa miche bado anapuliza. Amekwisha kuambiwa, na mama mwenyewe amekwenda kwake na kumwonyesha vipele kwa kidole, lakini hoho zake ziko kandokando ya nyanya alizozitegemea kwa ada ya shule, na kung'oa sasa anakuona kuwa hasara ya hakika kwa hofu ya jambo ambalo huenda lisitokee. Afisa ugani ameahidi kurudi wazungukie bustani hiyo pamoja, kabla mvua kubwa za Machi hazijayafikisha yale matone ya tope kwenye nyanya.